Wadogo zangu makwotabeki, uwanja wenu sasa una ukuta

Jumamosi iliyopita nilisimama pembeni, mgongo umeegemea godoro la ukuta unaozunguka uwanja, nikimtazama kwotabeki wetu mpya, yule anayerusha pasi, akiwagawia wapinzani pasi tatu kabla ya mapumziko. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu ulivyowahi kuwa. Pasi ya tatu iliponaswa, alimgeukia risiva wake, yaani mdakaji, akafungua viganja vyote viwili, vile mtu anavyouliza, "Ulikuwa wapi wewe?" Ukumbi mzima uliona. Risiva naye aliona. Mimi nilihisi tumbo linanikata, maana viganja vile niliwahi kuvifungua mimi, misimu tisa iliyopita.

Nawaandikia ninyi mnaotoka vyuoni kuja futiboli ya ndani, ile ya Kimarekani inayochezwa ukumbini, na hasa vijana wa nyumba zetu za Kiswahili huku Marekani, ambao kila mwaka mmoja au wawili hunipigia simu. Nawapenda, lakini nimechoka kuona kosa lile lile likija na sura mpya.

1. Sahau upana. Chuoni ulikuwa na yadi 100 za urefu na 53 na ushee za upana. Huku urefu ni yadi 50, wanane kwa wanane, ndani ya ukumbi ambao pengine jana yake watu walikuwa wanacheza hoki. Barafu yenyewe mara nyingi haijaondolewa. Iko chini ya mbao, mbao ziko chini ya zulia, na ukisimama sana unaisikia baridi ikipanda nyayoni. Vaa soksi nene. Sefti, beki wa nyuma kabisa, ambaye chuoni alihitaji kukimbia ili aufikie mpira wako, huku anahitaji kunyoosha mkono tu. Basi usimsubiri risiva awe wazi, kwani ukishamwona yuko wazi umekwishachelewa. Mpira utoke mkononi wakati bado amekupa mgongo. Na kwa kuwa huku risiva anaruhusiwa kuukimbilia mstari kabla ya snapu, yaani kabla mpira haujaanzishwa, hesabu hatua zake, usihesabu zako. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa kama mtu anayempa abiria kifurushi dirishani na daladala limeshaondoka: lazima ukipeleke kule dirisha linakokwenda. Ilinichukua msimu mzima mwili ukubali jambo ambalo kichwa kilielewa siku ya kwanza. Ukiona wiki ya tatu bado unachelewa, usikate tamaa, ila usiniambie kwamba marisiva ndio wabaya.

2. Mpira usio na mwenyewe utupe jukwaani. Mtoto wa safu ya tatu ataupeleka nyumbani, na kocha atalala usingizi.

3. Mnapomsimulia kwotabeki Kurt Warner, msimulieni mzima. Mimi nimekulia Iowa, habari zake nimezinywa pamoja na maziwa. Kila kijana anayekuja kwetu anajua kwamba Green Bay, timu ya NFL, ligi kuu ya Marekani, walimwacha mwaka 1994, akaenda kupanga bidhaa usiku katika duka la Hy-Vee huko Cedar Falls, kisha akashinda Super Bowl, fainali ya NFL. Ni kweli. Lakini kati ya rafu za duka na lile kombe kuna misimu mitatu mizima, 1995 hadi 1997, akichezea Iowa Barnstormers katika kumbi kama hizi zetu. Halafu kuna Amsterdam mwaka 1998, kwenye ligi ya Ulaya. Ndipo ukafika 1999, akatupa pasi 41 za tachidauni, yaani za kufunga, akiwa na timu ya NFL ya St. Louis. Mnaposimuliana, ile misimu mitatu hupita kwa pumzi moja, na mimi ndiyo ninayoiheshimu kuliko kombe. Mtu alirudi mazoezini kila wiki bila kujua kama kuna simu itakayolia. Wewe umekaa wiki tano umeanza kuuliza wakala wako anafanya nini.

4. Jina la chuo chako liache mlangoni. Angalia mechi ya kwanza ya kwotabeki Johnny Manziel akianza na Montreal ya Kanada, Agosti 2018. Huyu alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2012, akiwa mwanafunzi wa kwanza wa mwaka wa kwanza kufanya hivyo. Montreal walimpata tarehe 22 Julai, na siku kumi na mbili baadaye wakamsimamisha mbele ya Hamilton, timu aliyotoka. Wachezaji kumi na wawili kila upande, dauni, yaani majaribio ya kusogeza mpira, tatu badala ya nne, uwanja wa upana wa yadi 65. Pasi nne zikanaswa. Siwatajii habari hii ili tumcheke. Kipaji kile sisi sote tungekilipia. Nawaonyesha kwamba futiboli ya nchi nyingine, au ya ukumbini, ni lugha nyingine, na lugha haisomwi kwa siku kumi na mbili.

5. Usimchezee mtu aliyekaa jukwaani.

Hili nitalieleza kirefu, na naomba mlisome hadi mwisho.

Ulikuwa msimu wangu wa pili. Asubuhi ya mechi, tukinywa chai, mtu mmoja akasema kuna skauti, msaka vipaji, wa timu ya Kanada atakuja usiku. Ilitosha. Mchana kutwa nilikuwa natembea nikijitazama kama ninavyotazamwa. Robo ya nne tunaongoza kwa pointi nne, imebaki chini ya dakika moja, dauni ya tatu, tunahitaji yadi tatu. Kocha akaagiza pasi fupi kwa fulubeki, mkimbiaji wa nyuma. Yadi tatu, saa ife, twende nyumbani.

Nikafika mstarini nikamwona risiva wangu wa kulia ameachwa na beki mmoja. Huyu risiva ndiye niliyekuwa naishi naye chumba kimoja. Nikabadilisha mchezo. Alinitazama. Tulikuwa yadi kumi na mbili tu kutoka eneo lao la kufungia, na yeye alijua, kuliko ninavyojua mimi, kwamba njia niliyomwagiza inaishia ukutani. Angeweza kutikisa kichwa. Hakutikisa, kwa kuwa aliniamini.

Snapu ilikuwa safi. Nafasi ilikuwepo, na mpira ungeondoka pale pale angeudaka kifuani, miguu chini. Niliushika. Sikushikilia sana, nusu sekunde tu, nikingoja bega likae vizuri, ili mrusho uonekane ni mrusho. Ukatoka juu na umechelewa. Akaruka, macho kwenye mpira, mikono yote hewani, na ukuta ukampokea pale godoro linapoishia. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa gari uliofungwa kwa hasira. Mpira ukaangukia mikononi mwa beki.

Nami nikafungua viganja. Nilikuwa namuuliza, mbele ya watu wote, ulikuwa wapi wewe. Viganja vyangu vilikuwa bado hewani wakati daktari wa timu anapiga magoti.

Mtulinga ulivunjika. Wapinzani walifunga katika mchezo wa tatu, tukashindwa kwa pointi tatu, na hilo leo halinisumbui kabisa. Linalonisumbua ni kwamba mwenzangu alikuwa na binti wa miezi saba, na mchana alikuwa anapakia mizigo ghalani, kazi ambayo haifanywi kwa mkono mmoja. Alihamia kwa dada yake wamuuguze. Siku nne sikwenda kumwona. Nilijiambia naangalia mkanda wa mechi. Kweli niliuangalia, tena na tena, na kila mara niliusimamisha kabla ya viganja.

Siku ya tano mama akapiga simu. Mama yangu ni mtu wa Tanga, na miaka yote ile chuoni hajawahi kuniuliza nimetupa yadi ngapi.

"Mwenzio anaendeleaje?"

"Sijui, mama."

Akanyamaza muda mrefu. "Hujaenda kumpa pole?"

"Bado."

"Basi nakuja."

Aliendesha gari kwa muda wa saa mbili, sufuria ya pilau imefungwa kwa kanga, imekaa kiti cha mbele na mkanda wa usalama juu yake. Tukaenda kwa dada mtu. Mwenzangu akafungua mlango kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa kifuani. Mama akampa pole yeye kwanza, akampokonya dada mtoto, akaingia jikoni, akaniacha pale mlangoni.

Nikamwambia, "Nilibadilisha kwa ajili ya yule mtu jukwaani."

Akasema, "Najua. Nilikuona unaangalia juu kabla ya snapu."

Alikuwa amekwishaona. Alijua kwamba simchezei yeye, na bado aliruka. Hadi leo, nikiwa nawafundisha vijana kusoma sefti, hilo ndilo ninalokumbuka: kwamba risiva naye anakusoma wewe, na anasoma vizuri. Skauti yule, kama alikuja, sikuwahi kusikia habari zake.

6. Usiweke sahihi kwenye mkataba wa pango la nyumba la mwaka mzima, maana ligi inaweza kufa kabla ya mwaka kuisha. AAF, ligi mpya ya futiboli ya Marekani, ilisimama tarehe 2 Aprili 2019, baada ya wiki nane tu za mechi, na ilikuwa na wachezaji wengi waliowahi kuwa NFL.

7. Jifunze majina ya walinzi wako wa mbele, ya wake zao na ya watoto wao. Hili chuoni mlikuwa mnafanyiwa ninyi. Sasa zamu imegeuka.

Nilikuwa na la nane kuhusu chakula, lakini nirudi kwa kijana wetu. Baada ya mechi ya Jumamosi nilimkuta amekaa chumba cha kubadilishia, taulo kichwani, anaangalia mkanda kwenye simu. Nikakaa karibu naye. Alikuwa ameusimamisha kwenye pasi ya tatu, na mpira ulikuwa bado hewani.

"Endelea mbele kidogo," nikamwambia.

Akaendelea. Pasi ikanaswa. Viganja vikafunguka. Akaivuta picha nyuma, akaitazama tena bila mimi kumwambia, safari hii akimwangalia risiva, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa na kuanza kutembea kuelekea benchi peke yake.

"Yuko wapi sasa hivi?" akaniuliza.

"Kwenye maegesho. Anasubiri lifti."

Akatoka na soksi, bila viatu, na huko nje ilikuwa Machi ya Iowa.