Mwacheni Lazenby

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza ni filamu gani ya zamani ya kijasusi ambayo watazamaji wameihukumu isivyo haki, na msomaji angeitetea kwa hoja gani. Yangu ni On Her Majesty's Secret Service, iliyotoka Desemba 1969, ile ambayo James Bond anachezwa na George Lazenby kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Najua watakaocheka. "Yule mwanamitindo?" Ndiyo, huyo huyo.

Kwa asiyeiona, kisa ni hiki, na nitafichua mwisho wake kwa sababu bila huo mwisho hakuna cha kubishania. Bond anamwokoa mwanamke anayetembea kuingia baharini alfajiri, huko Ureno. Ni Tracy, anachezwa na Diana Rigg. Baba yake, Draco, ni kigogo wa genge la Corsica. Anamtaka Bond amuoe binti yake, naye ana njia za kujua Blofeld, adui mkubwa wa Bond, amejificha wapi. Blofeld, kwa upande wake, anataka atambuliwe rasmi kuwa kabaila mwenye ukoo mkubwa, basi Bond anajifanya mtaalamu wa nasaba kutoka London na kupanda hadi kilele cha mlima huko Uswisi. Huko juu wamo wasichana wanaotibiwa mzio, na bila wao kujua wanaandaliwa kusambaza virusi vya kuua uzazi wa mazao na mifugo. Bond anagundulika, anatoroka kwa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, anakutana tena na Tracy, wanachumbiana, mlima unavamiwa, wanaoana. Saa chache baada ya harusi, Tracy anapigwa risasi garini. Filamu inaishia pale pale.

Lawama ya kwanza siku zote ni Lazenby. Alikuwa Mwaustralia wa miaka 29, aliyewahi kuuza magari, kisha akawa mwanamitindo aliyejulikana Uingereza kwa tangazo la chokoleti. Hakuwa na filamu yoyote ya maana nyuma yake. Watazamaji walikuwa wamemzoea Sean Connery katika filamu tano, toka 1962 hadi 1967, na hapa analetwa kijana ambaye hata nywele alikwenda kukatwa kwa kinyozi wa Connery kabla ya kujipeleka mbele ya watayarishaji. Wakamlinganisha, akashindwa, kesi ikafungwa.

Lakini tazameni nani aliyewaelekeza wamlinganishe. Ni filamu yenyewe. Kabla hata majina hayajapita, Bond anaachwa ufukweni na mwanamke aliyemwokoa, anageukia kamera na kulalamika kwamba yule mwenzake hakuwahi kutendewa hivi. Majina yanapoanza, yanapambwa kwa vipande vya filamu zilizotangulia. Baadaye kidogo Bond anakusanya vitu kwenye droo ya ofisi yake, na kila kitu anachokishika ni kumbukumbu ya filamu ya Connery, huku muziki wake ukipigwa. Ni kama mgeni anayeomba radhi kabla hajakaribishwa kiti. Mtazamaji aliyekuja amesahau kwamba kuna Bond mwingine anakumbushwa mara tatu kabla hadithi haijashika kasi. Kosa hilo ni la waliomwajiri, na Lazenby ndiye amekuwa akilipia.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wanaomsema hawalijui. Wanasema kwamba kule mlimani, anapojifanya mtaalamu wa nasaba mwenye miwani na kiko, sauti yake haina uhai na haimkai mwilini. Haimkai kwa sababu si yake. Bond anamwiga mtu aitwaye Sir Hilary Bray, na sehemu yote hiyo sauti iliwekwa na George Baker, mwigizaji anayemcheza Sir Hilary mwenyewe. Kwa hiyo sehemu ndefu ya katikati, ile hasa inayosemwa kuwa ndiyo dhaifu, tunamhukumu Lazenby kwa mdomo wa mtu mwingine. Mimi huo uamuzi siupendi hata kidogo. Tungeweza kuvumilia uigaji wa Lazenby mwenyewe, hata kama ungekuwa wa kubahatisha. Jasusi anayeigiza vibaya mbele ya Blofeld angetutia wasiwasi zaidi.

Sasa niwaonyeshe tukio ambalo kwangu linamaliza ubishi. Bond ameteremka mlima usiku kwa skii, moja akiwa ameipoteza njiani, watu wa Blofeld wako nyuma yake. Anaingia kijijini kwenye sherehe za Krismasi. Watu wamejaa, taa, kelele, wimbo wa watoto unaimbwa kuhusu miti ya Krismasi. Anajipenyeza, amepandisha ukosi, macho hayatulii. Mtu aliyevaa vazi la dubu anamtokea ghafla, taa ya kamera inawaka usoni, na Bond anashtuka. Anashtuka kweli, mwili mzima. Anakwenda kukaa kwenye benchi kando ya uwanja wa barafu, anainamisha kichwa, hana bunduki, hana kifaa chochote cha ajabu mfukoni, hana pa kwenda. Anasubiri wamfikie. Kisha viatu vya barafu vinasimama mbele yake, kamera inapanda taratibu kutoka miguuni, na aliyesimama pale ni Tracy.

Sijui tukio jingine katika filamu za Bond za miaka ile ambamo steringi ameishiwa namna hii. Na anayekuja kumwokoa ni mwanamke, anayemwingiza kwenye gari na kushika usukani yeye mwenyewe, akiwapita wafukuzaji katikati ya mashindano ya magari kwenye barafu huku Bond akiwa abiria. Lazenby pale hafanyi mengi. Anaonekana mchovu na mwenye hofu, basi, na inatosha. Uso ambao hatujauzoea ndio unaofanya tuamini kwamba anaweza kukamatwa.

Kuhusu mapigano, watazamaji wamegawanyika na wataendelea kugawanyika. Mwongozaji, Peter Hunt, hii ilikuwa filamu yake ya kwanza kuongoza, lakini ndiye aliyekata na kuunganisha filamu za mwanzo za Bond kwenye chumba cha uhariri. Ile kasi ya Connery ambayo watu wanaikumbuka kwa mapenzi, sehemu kubwa ilitoka mikononi mwake. Alipopewa kiti cha uongozaji akaizidisha: ngumi inatupwa, picha inakatika, ngumi imeshafika. Wapo wanaosema inawatia kizunguzungu. Mimi naona pambano la ufukweni, ndani ya mawimbi ya alfajiri, bado lina ukali ambao filamu nyingi mpya hazina, ingawa nakubali kuna mahali picha imeharakishwa hadi watu wanaonekana vikaragosi.

Kwenye theluji hakuna wa kubisha. Willy Bogner, Mjerumani aliyeshindana Olimpiki, alipiga picha akiwa mwenyewe juu ya skii, nyakati nyingine akiteremka kinyumenyume na kamera mikononi. Juu yake John Jordan alining'inia chini ya helikopta kwa mikanda, akipiga picha za angani. Jordan alikuwa ameshapoteza mguu kwa ajali ya helikopta wakati wa kutengeneza filamu ya Bond iliyotangulia, na bado alikubali kuning'inizwa tena. Ukijua hivyo, zile picha za karibu za Lazenby akiyumba studioni mbele ya pazia la theluji zinachekesha zaidi, lakini unazisamehe. Hata ngome ya Blofeld ni kitu halisi: ni mkahawa unaozunguka juu ya mlima Schilthorn, ambao ulikuwa haujakamilika, na watengenezaji wa filamu walichangia gharama za kuumalizia ili waruhusiwe kuutumia. Mpaka leo unaitwa Piz Gloria, jina la kwenye hadithi.

"Ndefu mno." Ni dakika 142, ndefu kuliko filamu yoyote ya mfululizo huo hadi 2006. Ndiyo, kule mlimani katikati kuna wakati hadithi imekaa kitako. Ila wanaotaka ikatwe huwa wanataka ikatwe mapenzi ya mwanzoni, yale ya Bond na Tracy wakitembea bustanini na kupanda farasi huku Louis Armstrong akiimba. Ukikata hayo, risasi ya mwisho itakuwa imempiga mtu tusiyemjua. Mwaka 1976 kituo cha televisheni cha ABC huko Marekani kiliigawa filamu sehemu mbili, kikapangua mpangilio wake, kikaanza na mbio za skii na kuweka sauti ya msimulizi juu yake. Sishangai aliyeiona hivyo akisema ni filamu mbovu. Hakuiona.

Lipo pia swali ambalo kila kizazi cha mashabiki hulifufua: Blofeld alikutana na Bond ana kwa ana mwaka 1967, sasa inakuwaje asimtambue kwa sababu ya miwani tu? Jibu ni kwamba riwaya ya kisa hiki ya Ian Fleming, mwandishi aliyembuni Bond, ni ya 1963, na ile ya You Only Live Twice, iliyozaa filamu ya 1967, ni ya 1964. Watengenezaji filamu waligeuza mpangilio huo, kisha wakaifuata kwa uaminifu riwaya ambamo wawili hao walikuwa hawajawahi kuonana. Ni kasoro, ipo, na tuendelee.

Lawama za watazamaji wa leo ni za aina nyingine, nazo sizipuuzi. Draco anampa Bond ahadi ya pauni milioni moja amuoe binti yake, kana kwamba ananunua mlinzi. Bond anampiga Tracy kofi hotelini. Wakati wa uvamizi Tracy anakataa kuondoka bila Bond, na baba yake mzazi anampiga ngumi akazimia ili apakiwe kwenye helikopta, na filamu inalichukulia hilo kama utani. Na Bond huyo huyo tunayeambiwa amependa, kule mlimani analala na zaidi ya mgonjwa mmoja. Anayesema mambo haya yanamkera yuko sahihi, na siwezi kumwambia "ilikuwa zama zile" kisha nikadhani nimejibu. Ninachoweza kusema ni kwamba Diana Rigg hakubali kuwa mzigo. Tracy wake ana hasira, ana akili, anaendesha gari kuliko Bond, na anapokuwa mateka anamchelewesha Blofeld kwa kumtongoza kwa mashairi huku akisikiliza helikopta zinavyokaribia, kisha anapigana na kumuua mlinzi wake mkubwa kwa mikono yake. Tatizo la filamu ni kwamba inamjua Tracy kuliko wanaume waliomo ndani yake wanavyomjua.

Ule mwisho, basi. Lazenby amesimulia kwamba mara ya kwanza kuucheza alitoa machozi, na Hunt akamwambia arudie bila machozi, maana James Bond halii. Tunachokiona ni picha iliyorudiwa. Polisi anakuja, Bond anamwambia kwa upole kwamba mkewe anapumzika tu, hakuna haraka, wana muda wote duniani. Watazamaji wa Desemba 1969 walikuwa wamekuja kutazama Bond wakati wa Krismasi. Steringi hafi, na mkewe vilevile hatarajiwi kufa. Filamu ilipata pesa, ingawa pungufu ya iliyotangulia, na huko mbele ikaanza kuitwa hasara, jambo ambalo si kweli.

Kilichoiangusha kabisa ni kilichofuata. Lazenby alikuwa ameshatangaza kujitoa hata kabla filamu haijaonyeshwa, na kwenye uzinduzi akatokea na ndevu na nywele ndefu. Mwaka 1971 Connery akarudishwa kumcheza Bond kwa dola milioni 1.25, na katika filamu hiyo mpya jina la Tracy halitajwi hata mara moja. Watazamaji wakaelewa kwamba ile ya 1969 haihesabiki. Ilibidi wasubiri hadi 1981 kumwona Bond, sasa ni Roger Moore, akisimama kwenye kaburi la Tracy lililoandikwa mwaka 1969. Na mwaka 2012 wasomaji wa 007 Magazine, jarida la mashabiki wa Bond, walipopigia kura filamu bora ya Bond, walioikumbuka walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa: iliongoza. Mwaka 2021 wimbo wa Armstrong ukarudishwa kufunga filamu ya mwisho ya Daniel Craig akiwa Bond.

Imebaki hoja moja tu ambayo hata wanaoipenda huiunga mkono: kwamba ingekuwa na Connery, ingekuwa filamu bora ya Bond kuliko zote. Siikubali. Connery wa 1967 alikuwa ameshachoshwa na kazi hiyo na alikuwa haoni sababu ya kuficha. Itazameni You Only Live Twice muone anavyopita ndani yake. Na hata Connery wa miaka yake bora alikuwa na jambo moja ambalo lingeidhuru filamu hii: tungejua toka dakika ya kwanza kwamba atashinda. Anayebisha anieleze lile benchi la kando ya barafu lingechezwaje na mtu ambaye filamu tano zimeshatuhakikishia kuwa haogopi.