Shangazi, mwenye duka ananiambia bado changa

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 22, naishi Mwanga, Kigoma, kwa dada yangu, namsaidia kuuza vitenge sokoni. Siku zangu za mwisho niliziona wiki ya Idd el-Fitri na sasa watu wanajiandaa na Idd ya kuchinja. Nimepima mimba, mistari miwili. Mwenzangu anavua dagaa Kibirizi. Nilipomwambia alinitumia shilingi 50,000 kwenye simu na ujumbe: "Imalize hiyo." Mwenye duka la dawa anasema bado changa, ya mwezi mmoja, atanipa vidonge ila nisimwambie mtu. Rafiki yangu anasema mizizi ndiyo salama. Nataka kujua hasa wanafanya nini, kama nitapoteza kizazi, na kama kuna njia nyingine. Dada akijua atanifukuza.*
*Binti wa Mwanga*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hesabu, maana hapo ndipo mwenye duka alipokupoteza. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hata kama mlikutana baadaye. Kutoka Idd ndogo hadi Idd kubwa ni siku kama 70. Kwa hiyo mimba yako inakaribia wiki kumi, na huo mwezi mmoja sijui kautoa wapi. Mtu anayekuuzia dawa ya namna hiyo bila kukuuliza tarehe yuko kwenye biashara, tiba haimhusu.

Kabla ya lolote, nenda ukapigwe ultrasaundi. Itakuambia umri wenyewe, na pia mimba imetunga wapi. Kuna mimba zinazotunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija wa yai. Hizo haziwezi kukua, na vidonge vya kutoa mimba haviziondoi. Mrija unaweza kupasuka damu ikavujia tumboni wakati wewe unasubiri "dawa ifanye kazi". Ukisikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu, au bega linauma bila sababu, usingoje asubuhi. Nenda Hospitali ya Maweni usiku huohuo.

Sasa swali lako la kwanza. Hospitali zinapotoa mimba kwa mujibu wa sheria, au zinaposafisha mimba iliyoharibika yenyewe, hutumia njia mbili kuu. Ya kwanza ni vidonge. Viko vya aina mbili: mifepristoni huzuia homoni inayoishikilia mimba, kisha baada ya siku moja au mbili misoprostoli hulegeza mlango wa kizazi na kukifanya kizazi kijikaze na kutoa kilichomo. Tumbo hukaza kuliko hedhi ya kawaida na damu hutoka na mabonge kwa saa kadhaa, kisha kidogo kidogo hata kwa wiki mbili. Shirika la Afya Duniani linakubali mama asilazwe iwapo mimba haijapita wiki 12, ila kwa sharti kwamba dawa ni halisi, kipimo cha dawa ni sahihi na pana mtaalamu wa kumkimbilia. Hapo dukani, katika hayo matatu utapata lipi?

Njia ya pili ni kunyonya kwa pampu ya mkono. Unachomwa ganzi, mrija mwembamba unapitishwa kwenye mlango wa kizazi, kazi inachukua kama dakika kumi na kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hutumika hadi kama wiki 14. Ule ukwanguaji wa chuma ambao wanawake wanausimulia kwa kutetemeka, wataalamu wanashauri uachwe, ingawa bado uko mahali. Mimba ikizidi umri huo mambo huwa mazito zaidi na hufanywa hospitalini tu.

Ila nisikufiche, mwanangu: kwa hali uliyonieleza, sheria yetu haikuruhusu. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inampa anayemtoa mwanamke mimba hadi miaka 14 jela, mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, na anayetoa dawa au vifaa akijua vinakwenda kufanya nini hadi miaka 3. Mwanya uliopo ni kifungu cha 230, kinachomlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Kama una ugonjwa wa moyo, shinikizo kubwa la damu, au jambo lolote linalofanya mimba hii iwe hatari kwa uhai wako, mweleze daktari waziwazi. Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, mwaka 2007, nayo inazungumzia pia mimba za kubakwa na za maharimu, lakini Kanuni ya Adhabu haijabadilishwa kuifuata. Binafsi naona sheria hii haizuii mimba kutolewa, inazihamishia chumba cha nyuma. Utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria zaidi ya mimba 400,000 zilizotolewa nchini kwa mwaka mmoja. Lakini maoni yangu hayatakutoa mahabusu, ndiyo maana nimekutajia vifungu.

Mizizi? Hapana. Wala majivu, wala sabuni ya unga, wala chai ya majani mengi, wala klorokwini ya kubugia, na asikuingize mtu kijiti wala waya. Hivi ndivyo vinavyotoboa kizazi, vinavyoharibu figo na ini, na vinavyoleta usaha.

Na hili ulishike hata ukisahau mengine yote: ikitokea umeshameza kitu, au mimba ikaharibika yenyewe, huduma ya mimba iliyoharibika ni halali na hospitali ina wajibu wa kukutibu. Kulowanisha pedi mbili kubwa kwa saa moja, saa mbili mfululizo, ni hatari. Homa isiyoshuka, uchafu wenye harufu mbaya, kuzimia, vyote ni hatari. Tiba ya mimba iliyoharibika yenyewe na ya iliyotolewa kwa vidonge ni ileile. Lakini kama uliingiziwa kitu au ulikunywa mchanganyiko, mwambie muuguzi, kwa sababu hapo tiba inabadilika. Wanaokufa wengi ni wale waliojifungia ndani wakiogopa kuulizwa.

Njia nyingine zipo, na hakuna iliyo nyepesi. Ukiamua kuzaa, anza kliniki mapema: watakupima damu, kaswende, malaria na virusi vya Ukimwi, na kwa sera ya serikali huduma za mjamzito kwenye vituo vyake ni bure. Ukizaa na kuona huwezi kulea, ofisa ustawi wa jamii wa manispaa atakueleza kuhusu kuasili. Hilo hupita mahakamani na huhitaji ridhaa yako; yeyote anayekuahidi pesa kwa mtoto ni mhalifu. Na iko njia yetu ya siku zote ambayo haiandikwi popote, mtoto kukaa kwa bibi yake Kasulu au Kibondo mpaka mama asimame. Wengi tunaowasalimia kwa heshima mitaani wamelelewa hivyo.

Kuhusu huyo wa Kibirizi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamdai matunzo, awe amekuoa au hakukuoa, na akikana kuwa yeye ndiye baba, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba. Najua mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa na mvuvi hukaa bila hela. Basi mkubaliane kiasi kidogo kisichokatika. Kuhusu uamuzi wenyewe, hana nafasi ya kukutumia amri kwenye simu. Yeye hatatoka damu.

Dada yako usimwambie peke yako usiku mmeshachoka na hesabu za vitenge. Tafuta mtu mzima anayemheshimu, mama mdogo, mke wa kaka, hata jirani wa siku nyingi, umwambie huyo kwanza, kisha umweleze dada huyo mtu akiwa amekaa pembeni yako. Dada atafoka. Kufoka ni jambo moja na kukufukuza ni jingine. Kwa uzoefu wa barua ninazopokea, wengi huishia kwenye kufoka. Akikufukuza kweli, siku hiyohiyo nenda ustawi wa jamii.

Kizazi sasa. Mimba inayotolewa kitaalamu kwa kawaida haimwachi mtu mgumba. Kinachoziba mirija ni maambukizi, na maambukizi huja na vyuma vichafu na mabaki yaliyobaki ndani. Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: mimba ikitoka, iwe kwa njia yoyote, yai linaweza kupevuka tena kabla wiki mbili hazijaisha, yaani unaweza kushika nyingine hata kabla hujaona siku. Kwa hiyo iwe umesafishwa au umejifungua, ulizia uzazi wa mpango, sindano, kijiti au kitanzi, hapohapo kituoni kabla hujatoka.