Moyo ulisimama dakika sita: je, mama mkubwa alikufa akarudi?

SWALI: Shikamoo daktari. Miezi mitatu iliyopita mama mkubwa alianguka ghafla akiwa hospitalini kwa vipimo vya moyo. Moyo ukasimama, wakamshughulikia kama dakika 6 hadi ukarudi. Sasa ni mzima, ila anasimulia kwamba alijiona yuko juu karibu na dari, akiwatazama wahudumu wanavyomkandamiza kifua, kisha akaingia kwenye mwanga wenye amani. Nyumbani hatulali kwa mabishano. Kaka yangu aliyesomea biolojia anasema ni ubongo kukosa oksijeni tu, basi. Shemeji yangu ambaye ni mhubiri anasema sayansi yenyewe imeshathibitisha kwamba roho hutoka mwilini na kuna maisha baada ya kifo. Wote wawili wananitajia tafiti. Je, ubongo unaweza kuona na kusikia wakati moyo umesimama? Na sayansi imethibitisha nini hasa?

JIBU: Marahaba, na umfikishie mama mkubwa pole zangu. Kazi yangu ni dawa za usingizi na wagonjwa mahututi, kwa hiyo swali lako nalikuta kazini, tena mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Nianze na neno ambalo kaka na shemeji wote wamelipita haraka: kufa. Tunasema mtu "amekata roho", kama kamba inayokatwa kwa kisu, mara moja, imekwisha. Kando ya kitanda sioni kisu hicho. Moyo ukisimama, fahamu hupotea ndani ya sekunde 10 hivi. Umeme wa ubongo tunaoupima juu ya ngozi ya kichwa hulala ndani ya sekunde 10 hadi 20. Lakini chembe za ubongo bado zi hai. Madhara makubwa huanza zikikosa damu kwa dakika 4 hadi 6, na hata hapo hazifi zote kwa pamoja. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, wakiongozwa na Nenad Sestan, walichukua bongo za nguruwe saa 4 baada ya kuchinjwa, wakazipitishia kimiminika maalumu, na baadhi ya kazi za chembe zikarudi. Umeme wa pamoja unaoashiria fahamu haukurudi. Kwa hiyo chembe kuwa hai ni jambo moja, na mtu kuwa na fahamu ni jambo jingine.

Mama mkubwa, basi, hakufa. Sisemi hivyo kumpunguzia uzito wa aliyoyaona. Alianza safari ya kufa, watu wakaikatiza.

Sasa swali lako la kwanza. Tunapomkandamiza mtu kifua vizuri, damu inayosukumwa ni kama robo au theluthi ya ile ya kawaida. Ni kidogo, lakini mara nyingine inatosha kuamsha kitu. Kuna mzee mmoja sitamsahau. Monita ilionyesha moyo wake unatetemeka tu, hausukumi chochote. Muuguzi alikuwa juu yake anakandamiza, na mkono wa kulia wa yule mzee ukanyanyuka polepole, ukamshika muuguzi kifundo cha mkono. Tukaacha kukandamiza ili tupime mapigo, mkono ukaanguka. Tukaanza tena, ukanyanyuka tena. Tangu siku ile, ninapoongoza kazi ya namna hiyo humwita mgonjwa kwa jina lake na kumweleza tunachomfanyia, na simruhusu mtu yeyote atamke "huyu ameshakwenda" juu ya kichwa chake.

Kwa hiyo ndiyo: maadamu kuna mikono kifuani, ubongo unaweza kupokea kitu, hasa sauti. Utafiti wa Sam Parnia na wenzake uliotoka mwaka 2023 ulifuatilia wagonjwa 567 ambao moyo ulisimama wakiwa hospitalini. Waliopona wakaruhusiwa kwenda nyumbani ni 53, waliohojiwa ni 28, na 11 kati yao walikuwa na kumbukumbu au hisia za wakati ule. Kwa baadhi ya wagonjwa, mawimbi ya ubongo yanayofanana na ya mtu mwenye fahamu yalionekana hata baada ya dakika 35 hadi 60 za kukandamizwa kifua. Sisi tuliofundishwa kwamba baada ya dakika 10 ubongo umekwisha tumelazimika kufikiri upya.

Tuje kwa kaka. Hajakosea kutazama ubongo, amekosea kusema "basi". Mwaka 2001 daktari wa moyo Pim van Lommel na wenzake, Uholanzi, walichapisha habari za wagonjwa 344 waliorudishwa baada ya moyo kusimama. Waliosimulia mambo kama ya mama mkubwa ni 62, yaani asilimia 18. Ingekuwa ni oksijeni peke yake, wale wengine 282 mbona hawakuona kitu? Tena urefu wa muda ambao moyo ulisimama haukuwatofautisha walioona na wasioona. Nami nawajua watu waliopungukiwa oksijeni: huwa wamechanganyikiwa, wanavuta mipira waliyounganishiwa, wanagombana na kila mtu, na kesho yake hawakumbuki. Simulizi la mama mkubwa limepangika na limetulia. Halifanani na hayo.

Kaka ana hoja bora kuliko hiyo, na ningependa aitumie. Mwaka 2002 Olaf Blanke na wenzake, Uswisi, walikuwa wanamchunguza mwanamke mwenye kifafa. Walipopitisha umeme mdogo sehemu fulani ya ubongo upande wa kulia, juu na nyuma ya sikio, akasema anajiona kutoka juu, amelala kitandani. Wakiusimamisha umeme, hali inaisha. Tena mwaka 2023 Jimo Borjigin na wenzake walichapisha vipimo vya mawimbi ya ubongo vya wagonjwa 4 waliokuwa wanakufa baada ya kuondolewa mashine ya kupumulia. Kwa wawili kati yao mawimbi ya kasi yanayoitwa gama yalipanda ghafla, yakiwamo ya maeneo hayohayo ya nyuma ya ubongo. Waliona nini? Hakuna ajuaye, kwa sababu walifariki.

Hapa kaka ataruka na kusema, umeona, ni ubongo. Taratibu. Nikigusa kwa umeme sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona, mtu ataona vimulimuli ambavyo havipo chumbani. Hilo halinipi haki ya kusema taa hazipo duniani. Kujua ubongo unavyoitengeneza hisia ya kutoka mwilini kunatuambia kwamba hisia hiyo inaweza kutokea bila mtu kutoka. Hakutuambii zaidi ya hapo. Ili kwenda mbele unahitaji jaribio la aina nyingine: je, mtu aliona kitu ambacho macho na masikio yake yasingeweza kukipata?

Jaribio hilo limefanywa, na ndilo ambalo shemeji analitaja bila kulimaliza. Utafiti wa kwanza wa Parnia, uliochapishwa mwaka 2014, uliweka rafu zenye picha zilizoelekezwa darini, ili azione tu aliye juu. Moyo ulisimama mara 2,060 kwenye hospitali zilizoshiriki. Waliohojiwa ni 140. Wawili tu walieleza waziwazi kwamba waliona na kusikia yaliyotokea, na maelezo ya mmoja wao yalilingana na yaliyofanyika. Lakini wote wawili moyo ulisimama mahali ambapo hapakuwa na rafu. Katika ule wa 2023 walitumia skrini yenye picha, na spika za masikioni zilizotaja matunda matatu: tufaha, pea, ndizi. Picha hakuna aliyeitambua. Matunda, mtu mmoja aliyatambua. Nikimkumbuka yule mzee na mkono wake, jambo la sikio halinishangazi.

Kwa hiyo "sayansi imethibitisha roho inatoka" si kweli, na namwomba shemeji kwa heshima zote aache kulisema. Kuna tatizo lingine ambalo watu hawalifikirii: kumbukumbu haiji na muhuri wa saa. Mama mkubwa ana hakika aliona wakati moyo umesimama. Hakika yake ni ya kweli kwake. Ila picha ile inaweza kuwa iliundwa katika sekunde kabla fahamu hazijapotea, au wakati mikono ilikuwa kifuani, au zilipoanza kurudi, na hakuna kipimo cha kutenganisha hayo baada ya tukio. Na akija mtu na ile hadithi ya roho kuwa na uzito wa gramu 21, mwambie ilitoka kwa daktari Duncan MacDougall wa Marekani, mwaka 1907, aliyepima wagonjwa 6 tu, na gramu 21 zikapatikana kwa mmoja. Si ya kujengea hoja.

Jambo linaloniuma katika mabishano haya ni kwamba shemeji anaibebesha imani mzigo ambao haikuuomba. Paulo, katika waraka wa pili kwa Wakorintho sura ya 12, anamtaja mtu aliyenyakuliwa mpaka mbingu ya tatu, na anasema kama alikuwa ndani ya mwili au nje ya mwili yeye hajui, Mungu ndiye ajuaye. Qur'ani, Surat Al-Israa aya ya 85, inasema roho ni katika mambo ya Mola, na watu hawakupewa ilimu ila kidogo. Hao hawakuona haya kuliacha swali wazi.

Na viongozi wa dini wamewahi kukaa na sisi madaktari juu ya jambo hili hili bila kugombana. Mwaka 1957 madaktari wa usingizi walimpelekea Papa Pius wa 12 maswali kuhusu wagonjwa wanaopumua kwa mashine. Akajibu kwamba kuainisha wakati wa kifo ni kazi ya daktari. Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ikaeleza vigezo vya kufa kwa ubongo. Mwaka 1986, mjini Amman, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu likakubali kwamba kazi zote za ubongo zikikoma bila uwezekano wa kurudi, mtu huyo amekufa. Hakuna aliyedai daktari atasema roho imekwenda wapi.

Kipimo cha kufa kwa ubongo nimekifanya. Unamulika mboni, hazisinyai. Unagusa jicho kwa pamba, halipepesi. Mwisho unamtenga na mashine ya kupumulia huku oksijeni ikiendelea kuingia, unasimama kando, unatazama kifua dakika 8 hadi 10 uone kama kitanyanyuka chenyewe. Chumba huwa kimya sana. Kifua kisiponyanyuka, na hewa chafu imejaa kwenye damu kwa kiwango ambacho ubongo hai usingeweza kuvumilia bila kuvuta pumzi, nimefika mwisho wa vyombo vyangu. Masimulizi yote tuliyonayo, la mama mkubwa likiwamo, yanatoka kwa watu ambao hawakufika hapo. Ndiyo maana hayawezi kumshindia shemeji, na kaka naye hawezi kuyapindua yawe ushahidi kwamba mbele hakuna kitu. Mimi naamini kuna maisha baada ya haya. Imani hiyo sikuipata kwenye monita, na sitaitafutia uthibitisho huko.

Mwisho, mama mkubwa mwenyewe, maana naona amegeuzwa shahidi wa kesi ya watu wawili. Kaa naye wewe peke yako, umrekodi akisimulia kwa maneno yake, bila kumuuliza "na mwanga ulikuwa hivi?" wala kumtajia ya watu wengine, kwa sababu kumbukumbu hupokea maneno ya wasikilizaji ikayafanya yake. Mwulize pia kama kuna jambo lililomtisha. Si wote wanaoona amani, na walioona vitisho huwa hawasemi mpaka waulizwe. Kama analala vibaya, anasahau kuliko zamani, anashtuka ovyo au amekosa hamu ya mambo aliyoyapenda, mrudisheni kwa daktari wake, kwani hayo huwapata wengi baada ya moyo kusimama na yana msaada. Na kama anataka kujua kilichotokea siku ile, ana haki ya kuomba asomewe jalada lake: nani alikuwapo, walianza saa ngapi, walimshtua moyo mara ngapi. Wagonjwa wangu waliosomewa hayo, wengi waliuliza kwanza jina la aliyekuwa anawakandamiza kifua.