Mathenge haifi kwa chumvi wala oili chafu

SWALI: Nina ekari tatu karibu na Marigat, Baringo. Nimefyeka mathenge, ule mti wa miiba uitwao kitaalamu Prosopis juliflora, mara mbili, na kila mara inarudi ikiwa na mashina mengi kuliko mwanzo. Kisima changu kiko hatua kama ishirini kutoka vichaka hivyo, na maji yake yameshuka. Kuna kijana anauza dawa ya kumwagia visiki, chumvi iliyokorogwa na oili chafu ya gari. Anasema kisiki hakitachipuka tena na maji yatarudi. Je, ninunue?

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Na kama umeshanunua, usiimwage karibu na maji unayokunywa.

Swali hili hunifikia kila baada ya mvua, na karibu kila anayeuliza anaamini kwamba mathenge imemshinda kwa kukosa dawa kali. Sivyo. Imemshinda kwa sababu ameikata mahali pasipofaa. Macho ya kuchipukia yamejificha kwenye shingo ya mti, pale shina linapokutana na mzizi, kuanzia usawa wa ardhi kwenda chini. Ukipiga panga usawa wa goti, au hata ukikata kwa msumeno sambamba na udongo kama wafanyavyo wachoma makaa, macho yote yamebaki, na mzizi mkubwa unaoyalisha haujaguswa. Ndiyo maana shina moja likiondoka yanakuja manane. Lakini mzizi ulio chini ya shingo kwa kawaida hauchipuki, na hapo ndipo pa kuumaliza mti.

Subiri udongo ulainike kwa mvua. Kata matawi, kisha chimba kuzunguka kisiki kwa sururu hadi kina cha sentimita 30 kwa mti uliokomaa. Ukishauona mzizi mkuu, ukate kwa shoka chini ya shingo, pamoja na mizizi ya pembeni, halafu ng'oa shingo nzima na uiache juani ikiwa imeelekeza mizizi juu. Ukiacha kipande cha shingo ardhini, kitachipuka. Miche iliyo chini ya goti ing'oe kwa mkono ardhi ikiwa bado na unyevu. Vaa buti za soli ngumu, maana miiba yake hupenya akala, na kidonda chake huoza.

Sasa hiyo dawa. Mathenge huvumilia chumvi kuliko nyasi zako zote. Huota kwenye udongo wa chumvi ambako mimea mingine imekata tamaa. Ukimwaga chumvi utaua nyasi ambazo zingeizuia, na udongo wa mfinyanzi utagandamana hata mvua ipite juu bila kuzama. Chumvi nyingine itayeyuka ishuke kwenye maji ya kisima. Oili chafu nayo ni nzito, inakaa juu ya gome na haisafiri ndani ya mti kuyafikia macho yaliyo chini. Ina chembe za metali kutoka kwenye injini na masalia yenye sumu ya mafuta yaliyoungua, na kisima kikishachafuka hivyo hakuna namna rahisi ya kukisafisha. Wauzaji huaminika kwa sababu kisiki kilichokatwa wakati wa kiangazi kinaweza kukaa wiki kadhaa bila kuchipuka. Mvua ikinyesha, kisiki kinaamka na muuzaji ameshahama kijiji.

Dawa halali zipo. Triklopiri, dawa ya kuua vichaka na miti, hupakwa kwenye kisiki dakika chache tu baada ya kukata, kabla jeraha halijakauka. Nunua kwenye agroveti yenye leseni, chupa yenye namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali ya Kenya inayosimamia dawa za kilimo, na ufuate kipimo cha lebo. Lakini kwa hatua ishirini kutoka kisimani, mimi nakuambia uchimbe. Kunyunyizia majani ya mti mkubwa glifoseti, dawa ya magugu, ni kupoteza pesa, kwani majani yale madogo hupokea dawa kidogo mno.

Je, maji yatarudi? Mathenge hubaki kijani wakati wa ukame kwa sababu mizizi yake hufuata maji ya chini, kwa hiyo kuiondoa kunapunguza mnywaji mmoja mkubwa. Lakini kina cha kisima hutegemea pia mvua na pampu za majirani. Anayekuahidi maji bila hata kupima kisima anakudanganya. Funga jiwe kwenye kamba, upime kina mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya mtu yeyote kuchota, na uandike.

Kinachonitia hofu zaidi, kuanzia Baringo hadi Turkana, Garissa na Tana River, ni ufyekaji wa haraka unaoacha ardhi tupu. Tingatinga huvunja mashina na kuacha shingo ardhini, tena huondoa migunga pamoja na mathenge. Mgunga una miiba mirefu myeupe iliyonyooka pamoja na mifupi iliyopinda kama ndoano, na maganda yake hujisokota. Mathenge ina miiba iliyonyooka tu na maganda marefu ya njano. Migunga iache. Mbegu za mathenge hukaa udongoni miaka mingi, na mifugo huzitoa zikiwa nzima, ndani ya mbolea iliyo tayari kuzilisha. Kwa hiyo usiruhusu mbuzi waliotoka kula maganda walale kwenye eneo ulilosafisha. Maganda yakusanye, uyasage hadi mbegu zivunjike, na unga wake usizidi robo ya chakula cha mifugo. Wailchamus, jamii ya wafugaji wa Baringo, walipeleka hadi mahakamani, kama ushahidi, mbuzi aliyepoteza meno kwa maganda hayo.

Msimu huohuo wa kung'oa, panda nyasi za asili kwenye mashimo na katikati yake, na usichunge hapo hadi zitoe mbegu. Kisha pita shamba zima kila wiki mbili mvua inaponyesha, uking'oa miche, kwa miaka isiyopungua mitano.