Bomu Usiloweza Kulilipia, Usilionyeshe

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza filamu fupi ya dakika 20 kuhusu mji wa pwani uliobakiwa na watu wachache baada ya maangamizi makubwa, na zaidi ya nusu ya fedha tulizochangishana nilizimalizia kwenye mlipuko mmoja uliotengenezwa kwa kompyuta. Tulipoionyesha kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa shule, moto ule ulionekana kama kitu kilichobandikwa juu ya picha kwa gundi, na watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya wowote. Walicheka kama anavyocheka mtu aliyeona kiinimacho kimemshinda mwenyewe. Mwigizaji wangu mkuu, ambaye katika tukio lililofuata alikuwa amelia machozi ya kweli, alitoka nje kabla taa hazijawashwa.

Aliyenifundisha kosa langu ni rafiki aliyerudi kutoka Uingereza na DVD ya Threads, filamu ya televisheni iliyoonyeshwa na BBC mwezi Septemba 1984 na kutolewa kwa kanda za video mwaka 1987. Iliandikwa na Barry Hines na kuongozwa na Mick Jackson, yule yule ambaye miaka minane baadaye aliongoza The Bodyguard, filamu ambayo wengi wa rika langu tunaifahamu kwa sababu ya sauti ya Whitney Houston. Alipotengeneza Threads, Jackson alikuwa na bajeti ndogo ya televisheni na mji mmoja wa viwanda, Sheffield, ambao wakazi wake walijitolea kuigiza kama majeruhi na wakimbizi. Mwaka mmoja kabla yake, Wamarekani walikuwa wametengeneza The Day After, yenye maudhui hayo hayo ya vita vya nyuklia, kwa dola milioni kadhaa. Nimezitazama zote mbili, na iliyoninyima usingizi ni ile ya bei nafuu.

Ninachomshauri yeyote anayetaka kutengeneza filamu ya namna hii kwa fedha za kuungaunga ni kwamba fedha na muda wake avitumie kwanza kwenye maisha ya kabla ya maafa. Sehemu kubwa ya mwanzo wa Threads inamhusu kijana Jimmy, anayefuga ndege, na mchumba wake Ruth, ambaye amepata mimba wasiyoitarajia, na wote wawili wanahangaika kubandua karatasi za ukutani katika nyumba watakayohamia. Redio na televisheni zinatangaza mgogoro unaozidi kuwa mbaya huko Iran, lakini habari hizo zinapita pembeni, baani na mezani, kama zinavyopita kwetu sote tukiwa na shughuli zetu. Matukio haya hayana gharama kubwa. Hata hivyo, bomu linapoanguka, mtazamaji anajua ni nyumba ipi iliyokuwa inapakwa rangi.

Na bomu lenyewe? Wingu linapanda nyuma ya majengo, mwanamke aliyesimama barabarani katikati ya maduka anajikojolea, chupa za maziwa zilizoachwa mlangoni zinayeyuka. Nilikirudia kipande hicho mara nyingi nikiwa na daftari mkononi, na kila mara niligundua kwamba kamera inatazama zaidi vitu vidogo na nyuso kuliko moto. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume chake: niliutazama moto, nikawapa watu kisogo.

Jambo la pili ni maandishi. Mara kwa mara skrini inapokea mistari mifupi mikavu, iliyoandikwa kama taarifa ya ofisi, inayoeleza kwamba mabomu ya nyuklia yenye nguvu ya megatani 210, yaani sawa na tani milioni 210 za baruti, yameangukia Uingereza, au kwamba siku kadhaa zimepita na chakula kimepungua. Sauti ya msimulizi nayo haina huruma wala hasira. Mwongozaji asiye na uwezo wa kuonyesha nchi nzima ikifa anaweza kuiandika, na maandishi, tofauti na waigizaji wa ziada, hayadai nauli wala chakula cha mchana. Sharti lake ni kwamba yawe makavu. Ukitia neno moja la kusikitisha, umeyaharibu.

Kisha kuna ujasiri wa kuacha mambo bila majibu. Jimmy anapotea siku ya shambulio na filamu haitwambii kamwe kilichompata, kwa kuwa Ruth naye hajui. Katika mswada wangu wa kwanza kila mhusika alikuwa na kifo chake na hotuba yake, jambo lililonigharimu siku tatu za kupiga picha na kumchosha kila aliyeitazama.

Kwa anayetaka kuitazama tu, namshauri asiitazame akiwa na watoto, na asiikatize njiani, ingawa kitufe cha kusimamisha kipo karibu, kwa kuwa nguvu yake inatokana na kuendelea miaka 13 baada ya shambulio, pale ambapo filamu nyingine zingekuwa zimekwisha zamani. Huko mbele kuna watoto waliozaliwa baada ya vita, wenye lugha iliyokatikakatika, wameketi mbele ya televisheni kuukuu wakitazama kanda chakavu ya kipindi cha shule kuhusu mifupa ya wanyama. Picha inatetemeka, na hakuna mtoto anayetabasamu.

Nilipoihariri upya filamu yangu niliuondoa mlipuko. Mahali pake tulipiga picha ya mama anayepepeta mchele uani: ungo unasimama mkononi, kuku wanatawanyika, halafu skrini inakuwa nyeupe kwa sekunde nne bila sauti yoyote. Ungo tuliuazima kwa jirani, na mchele tuliupika jioni ile ile.