Maswali ya Wasomaji: Krismasi ya Waliobaki Mjini

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu ambao hawaendi kwao mwezi huu. Nauli imepanda, likizo ni fupi, basi marafiki wanakusanyika kwa mmoja wao tarehe 25 na kila mtu anataka siku hiyo ifane. Tumechagua maswali yanayorudi mara kwa mara, ya jikoni na ya mapambo ya kutengeneza kwa mkono.

Nimealika watu wazima ishirini. Pilau la kilo moja halijawahi kunishinda, lakini nikipika kwa wingi chini linakuwa bwabwa na juu mchele haujaiva. Nakosea wapi? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Dada, tatizo ni maji, na baada ya maji ni moto. Ukipika kidogo, sehemu kubwa ya maji hupotea kwa mvuke. Sufuria ikiwa kubwa, mdomo wake hauongezeki kwa kadiri mchele unavyoongezeka, kwa hiyo ukizidisha vipimo vyote sawasawa, maji yanabaki chini. Wakati huohuo mchele wa juu unakosa joto kwa sababu umekaa mbali na jiko.

Hesabu gramu 125 za mchele kwa kila mtu mzima, yaani kilo mbili na nusu. Kikombe cha mililita 250 huchukua mchele kama gramu 200, kwa hiyo hivyo ni vikombe kumi na viwili na nusu. Kama umezoea vikombe viwili vya maji kwa kimoja cha mchele, hapa tia kimoja na nusu. Jumla inakuja karibu lita nne na robo tatu, na supu ya nyama imo ndani ya hesabu hiyo, si nyongeza. Mchele wa zamani hunywa maji zaidi kuliko mpya, basi weka pembeni vikombe viwili vya maji ya moto. Ukiona umekauka kabla ya kuiva, nyunyiza kidogokidogo. Maji ya kuongeza yapo, ya kutoa hayapo.

Nyama yenye mifupa iwe kilo nne, viazi kilo mbili, vitunguu kilo moja. Vitunguu vikaange kwa mafungu matatu. Ukivimimina vyote pamoja vinatoa maji, vinachemka badala ya kukaangika, na pilau linatoka jeupe hata ukiongeza bizari. Mchele ukishakata maji, punguza moto wa chini ubaki makaa machache tu, funika, kisha palia makaa juu ya mfuniko kwa dakika ishirini hadi ishirini na tano. Mwenye jiko la gesi apike kwa sufuria mbili za kilo moja na robo. Kwa kweli hata mwenye mkaa tunamshauri hivyo: sufuria mbili utazitawala, moja kubwa itakutawala.

Jambo moja linalosahaulika: wali uliopikwa usikae mezani zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32 usipite saa moja. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Huamka wali unapopoa taratibu, na sumu yao haiondoki hata ukipasha. Kinachobaki kitandaze kwenye sinia kipoe haraka, kisha kiingie kwenye friji. Kachumbari nayo itie chumvi dakika tano kabla ya kula, la sivyo itaogelea.

Tulikubaliana kila mtu aje na kitu. Watu sita walileta soda. (Msomaji, Morogoro)

Usiseme "leteni chochote". Mpe kila mtu jina la kitu na kipimo chake: Fulani, chapati 20, Fulani, tikiti maji mbili, Fulani, barafu kilo kumi, afike saa sita. Wanaochelewa siku zote wape vitu vya mwisho, kama matunda, kamwe si mkaa. Barafu iweke kwenye beseni pamoja na maji na konzi mbili za chumvi. Maji hugusa chupa pande zote na chumvi hushusha joto la barafu inapoyeyuka, ndiyo maana vinywaji hupoa upesi kuliko kwenye barafu isiyo na maji.

Nimeona nyota kubwa za mifuko ya kaki zimetundikwa dukani. Nilijaribu kutengeneza, haikufunguka ikawa duara; ilibaki nusu, kama feni. (Msomaji, Mwanza)

Hili tunalipenda sana, kwa sababu malighafi iko kila duka. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya kaki imekuwa rahisi kupatikana.

Yako haikufunga kwa sababu mifuko haikutosha. Nyota nyingi huhitaji saba hadi tisa, na idadi inategemea upana wa mfuko na jinsi kitako chake kilivyokunjwa. Nunua kumi ya saizi moja, isiyo na mikono. Mfuko wa sentimita 13 kwa 25 hutoa nyota ya kama nusu mita.

Laza mfuko wa kwanza, kitako kilichofungwa kikiwa upande wako. Pitisha gundi nyeupe ya mbao, mstari mwembamba, kando ya kitako chote. Kutoka katikati ya mstari huo pandisha mwingine hadi mdomoni, kama herufi T iliyogeuzwa. Laza mfuko wa pili juu yake, ukingo kwa ukingo, kitako kikiangalia upande uleule. Endelea hadi wa nane, kandamiza kwa kitabu kizito nusu saa, kisha jaribu kufungua kabla hujafunga mwisho. Ukiona pengo, ongeza mfuko.

Umbo hukatwa mdomoni: chonga ncha kama ya mshale, halafu toa pembetatu ndogondogo kwenye mikunjo ya pembeni. Sentimita tano za kuanzia kitakoni usiziguse. Hapo ndipo nyota imeshikana, na ukikata itaachia katikati. Mifuko minane pamoja ni minene na mkasi hupotea njia, kwa hiyo chora umbo kwenye karatasi ya manila na ukate mfuko mmojammoja kabla ya kubandika. Mkasi wa cherehani uuache mahali pake, karatasi huufanya butu.

Usitumie uji wa ngano kama gundi. Hulowesha kaki, unapenya na kubandisha pande za ndani, kisha mende wanakuja. Mwisho usiufunge kwa gundi bali kwa vibanio viwili vya karatasi: Januari unakunja nyota bapa na kuihifadhi hadi mwakani. Tundu la uzi liwe sentimita moja kutoka nchani, juu ya kipande cha selotepu ili lisichanike. Ukitaka taa ndani, tumia zile ndogo za betri zisizotoa joto. Mshumaa, hapana kabisa.

Mapambo yetu ya unga na chumvi yalikauka vizuri, lakini baada ya wiki yalilainika na kutoa majimaji. (Msomaji, Tanga)

Mama, hewa ya pwani ina unyevu na chumvi huuvuta. Pambo ambalo halijapakwa kitu haliwezi kudumu Tanga. Yawezekana pia yalikauka nje tu. Kipimo ni unga wa ngano vikombe viwili, chumvi laini kikombe kimoja, na maji ya kuongeza polepole hadi robo tatu ya kikombe au zaidi kidogo. Unga uwe wa kawaida. Ule uliochanganywa hamira ya unga huumuka na kuharibu maumbo. Chumvi ya mawe isage kwanza, maana chembe zake huacha vishimo.

Kanda dakika kumi, sukuma unene wa nusu sentimita, kata, toboa tundu kwa mrija wa soda. Oka kwa nyuzi 100 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, ukigeuza katikati. Moto mkali hufunga ngozi ya juu kabla maji hayajatoka, na mvuke unapasua. Yakipoa kabisa, paka rangi, kisha vanishi mara mbili, mbele, nyuma na ndani ya tundu. Yaliyolainika bila kuota kuvu yarudishe kwenye oveni saa moja, yapoe, yapate vanishi. Na yatundikwe mahali mbwa hafiki, chumvi hiyo ni nyingi mno kwake.

Mti wa dukani ni ghali. (Msomaji, Dodoma)

Tawi kavu lenye vijitawi vingi, ndoo ya rangi iliyokwisha, kokoto za kujaza. Mchanga mtupu unaruhusu tawi kuinama likishapata mapambo. Ndoo izungushie kitenge. Usikate mti mbichi kwa ajili ya siku mbili.

Nataka kuwapa wageni kadi za maganda ya mgomba, lakini zinajikunja. (Msomaji, Bukoba)

Maganda uchukue yaliyokaukia mgombani. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, anika siku nzima, kisha piga pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa. Likibaki na maji ndani litaota kuvu chini ya gundi. Manila kata sentimita 21 kwa 15. Kabla ya kukunja, pitisha mgongo wa kisu kwenye mstari wa katikati ukitumia rula, mkunjo hautapasuka.

Kadi hujikunja kwa sababu gundi hulowesha upande mmoja tu, karatasi ikatanuka upande huo. Paka gundi kwenye ganda, si kwenye kadi, nyembamba sana, na uziweke kadi chini ya vitabu usiku kucha, karatasi safi ikiwa kati ya moja na nyingine. Wageni wakitaka kutengeneza zao siku yenyewe, andaa manila zilizokwisha kukunjwa na maganda yaliyokatwa, meza moja kwa watu sita, chupa mbili za gundi. Kadi walizobandika hapo ziachwe kwako usiku huo, wazipokee kesho yake tarehe 26 zikiwa zimenyooka.