Chanjo za kuzunguka dunia: ratiba ianze na mtoto mdogo

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi na mume wangu tunapanga safari ya miezi 10 ya kuzunguka dunia pamoja na watoto wetu watatu. Wa kwanza ana miaka 11, wa pili miaka 6, na kitindamimba ana miezi 7, bado ananyonya. Tunaondoka baada ya miezi minne. Tutaanzia Brazil na Bolivia, kisha India, Vietnam, na tutamalizia Japani. Watoto wote wamepata chanjo za kawaida za kliniki kulingana na umri wao. Chanjo za safari tuanze lini, zipi zinaweza kuchomwa siku moja, na je, tutameza dawa za kuzuia malaria miezi yote 10?
*Mama wa watatu*

JIBU: Habari ni njema, mama. Anzeni wiki hii. Miezi minne inaonekana mingi, lakini kwa nyumba yenye mtoto wa miezi 7 inatosha tu, haizidi.

Wasafiri wengi huja na orodha ya nchi na kuuliza kila moja inadai chanjo gani. Kwa familia yenu ningeanzia kwingine: huyu mdogo atakuwa na umri gani kila mtakapovuka mpaka? Chanjo kadhaa haziruhusiwi kabla ya umri fulani, na umri huo ndio utakaopanga kalenda ya nyumba nzima, ikiwemo yako wewe mama.

Chukua homa ya manjano, maana ndiyo inayowabana zaidi. Brazil na Bolivia zote mbili zina maeneo yenye ugonjwa huo. Chanjo yake ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa kawaida huchomwa kuanzia miezi 9. Mtoto wa chini ya miezi 6 hachomwi kabisa, kwa sababu ubongo wake unaweza kupata uvimbe. Mnaponyonyesha nako kuna jambo: vimeandikwa visa vichache vya watoto wachanga sana walioambukizwa virusi vya chanjo kupitia maziwa ya mama aliyetoka kuchanjwa. Kwa hiyo usikimbilie kuchanjwa leo kwa kuwa kituo kina nafasi. Subiri miezi miwili, mdogo atimize miezi 9, kisha mchanjwe wewe na yeye siku moja. Baba na wakubwa wawili wanaweza kutangulia hata wiki ijayo. Kama kuna yeyote kati yenu mwenye mzio mkali wa mayai, anayetumia dawa za kupunguza kinga, au aliyewahi kuwa na ugonjwa wa thaimasi (tezi ya kinga iliyo kifuani), mwambieni mhudumu kabla sindano haijatolewa kwenye pakiti.

Mkishachanjwa mtapewa kadi ya njano, kila mtu yake, hadi mtoto mchanga. Isomeni palepale kituoni, msingoje kuisomea uwanja wa ndege. Jina lifanane na la pasipoti, tarehe iandikwe vizuri, sahihi na muhuri wa kituo kilichoidhinishwa viwepo. Kliniki ya kawaida inaweza kuwa na chanjo yenyewe lakini isiwe na kibali cha kutoa kadi, na sindano isiyo na kadi haiwasaidii mpakani. Kadi huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa, kadi hiyo ni ya maisha, hata zile za zamani zilizoandikwa kwamba zitaisha baada ya miaka 10.

India ndipo watu wanaponaswa. Nchi hiyo haiwadai kadi wasafiri wote. Inawadai wanaowasili ndani ya siku 6 tangu watoke kwenye nchi yenye homa ya manjano. Ninyi mnatoka Bolivia, na mdogo atakuwa amepita miezi 9, umri ambao msamaha wa India unakoma. Asiye na kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6 zitimie, na mtoto akizuiwa mzazi atabaki naye. Ndiyo maana napenda familia zilizo na njia kama yenu ziwe na kadi zote mkononi angalau mwezi mmoja kabla ya kuondoka.

Sasa swali lako la siku moja. Chanjo zisizo na vijidudu hai, kama za homa ya ini A na B, taifodi ya sindano, kichaa cha mbwa na pepopunda, huchanganywa siku yoyote na nyingine yoyote, mradi kila moja ichomwe mahali pake. Chanjo hai za sindano ndizo zenye sharti: ama siku moja, ama zipishane wiki nne. Mkichoma moja leo na nyingine baada ya wiki mbili, ya pili inaweza isishike vizuri.

Hapa ndipo surua inapokutana na homa ya manjano kwa mtoto wenu. Shirika la Afya Duniani linaruhusu zote mbili siku moja. Hata hivyo utafiti uliofanywa kwa watoto wadogo ulionyesha kwamba kinga inaweza kuwa hafifu kiasi zinapochomwa pamoja, na baadhi ya nchi hupendelea kuzitenganisha. Ninyi mna muda, kwa hiyo zitenganisheni: homa ya manjano akiwa na miezi 9, surua akiwa na miezi 10. Atabakiwa na mwezi mzima wa kupumzika kabla ya safari. Msiondoke bila dozi hiyo ya surua, kwa sababu ugonjwa huo huenea kwa hewa na viwanja vya ndege vimejaa watu kutoka kila pembe. Ila mjue kwamba katika nchi zinazoanza chanjo hii miezi 12, dozi iliyotolewa kabla ya mwaka mmoja haihesabiwi. Ni ya safari tu, na ratiba yake kamili bado itamsubiri.

Maana yake ni kwamba mtoto huyu atachanjwa akiwa njiani. Atatimiza mwaka mmoja mwezi wa kwanza wa safari, na hapo ndipo dozi ya kuhesabiwa ya surua na dozi ya kwanza ya homa ya ini A zitakapomfaa. Basi pangeni kabisa: chagueni jiji kubwa mtakalokaa walau wiki moja, tafuteni kliniki ya watoto au kituo cha afya ya wasafiri mapema, na mbebe kadi yake ya kliniki pamoja na picha yake kwenye simu. Kwenye kadi hiyo muombe mhudumu aandike jina la chanjo na namba ya kichupa. Daktari wa nchi nyingine hawezi kusoma vifupisho vya kwenu.

Kwa wakubwa kazi ni nyepesi. Homa ya ini A ni dozi mbili zinazopishana miezi 6 au zaidi. Ya kwanza pekee inawapa kinga nzuri ya safari, na ya pili ikichelewa hamuanzi upya. Taifodi ya kawaida hutolewa kuanzia miaka 2 na hudumu miaka mitatu hivi. Ipo aina mpya zaidi ya kuanzia miezi 6, ulizeni kama kituo chenu kinayo. Homa ya ubongo ya Kijapani, licha ya jina lake, naihofia zaidi mtakapokuwa Vietnam: huenezwa na mbu wa mashamba ya mpunga na nguruwe na ndege wa majini ndio hifadhi yake, kwa hiyo mkikaa mjini siku chache hatari ni ndogo, mkikaa kijijini mwezi mzima chanjeni. Ni dozi mbili zinazopishana siku 28.

Kichaa cha mbwa nakiongelea kwa urefu kwa sababu ndicho wazazi hukifuta kwenye orodha wakiona bei. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu huua karibu kila anayeupata. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kati ya 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto humkumbatia mbwa asiyemjua, hung'atwa usoni au mikononi, na akikwaruzwa kidogo huficha asije akagombezwa. Ambaye hajachanjwa, aking'atwa, anahitaji mfululizo wa sindano pamoja na imunoglobulini (kingamwili zilizokwisha tengenezwa) inayoingizwa kwenye kidonda chenyewe, na hiyo ndiyo inayokosekana hospitali nyingi. Familia hulazimika kuruka nchi nyingine kuitafuta. Aliyechanjwa kabla anahitaji dozi mbili tu, siku ya kwanza na siku ya tatu baada yake, bila imunoglobulini. Tangu 2018 mwongozo wa Shirika hilo kwa chanjo ya kabla ni dozi mbili, ya pili siku ya 7, ingawa baadhi ya nchi bado hutoa tatu. Kwa miezi 10 yenye India na Vietnam ndani yake, mimi ningewachanja wote watano, nikianza na watoto kama fedha haitoshi.

Chanjo haiondoi kazi ya sabuni. Mtu aking'atwa, akikwaruzwa au akilambwa kwenye kidonda, na mbwa, paka, nyani au popo, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Wafundisheni watoto wakubwa kabla ya safari kwamba kusema "nimekwaruzwa" hakuna adhabu.

Tuje kwenye malaria. Hapana, hammezi dawa miezi yote 10. Japani haina malaria. La Paz, Bolivia, iko juu mno milimani kwa mbu wake. Rio de Janeiro, São Paulo, Hanoi na Ho Chi Minh City hazihitaji dawa. Hatari iko Amazon, nyanda za chini za Bolivia, baadhi ya maeneo ya India na misitu ya Vietnam, kwa hiyo dawa itafuata vipande hivyo tu. Leteni njia yenu ikiwa na majina ya miji na mikoa. Jina la nchi peke yake halinitoshi.

Kwa safari ya vipande, atovakwoni pamoja na proguanili ndiyo inayokaa vizuri: huanza siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la hatari, kila siku mkiwa ndani, na siku 7 baada ya kutoka. Doksisaiklini ni rahisi kwa mfuko, lakini inaendelea wiki nne baada ya kutoka, inafanya ngozi iungue kwa jua upesi, na haimfai mtoto wa miaka 6 wala mdogo. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki, jambo linalowapendeza wazazi. Huanza wiki mbili au tatu kabla, na huwaletea baadhi ya watu jinamizi na wasiwasi mkubwa. Mwenye historia ya sonona au kifafa asiiguse.

Mambo mawili kuhusu mdogo. Dawa unayomeza wewe hupita kidogo kwenye maziwa, lakini kiasi hicho hakimkingi. Anahitaji dozi yake. Na dozi ya mtoto hupimwa kwa kilo: kati ya kuondoka na kurudi anaweza kuongeza kilo mbili hivi, kwa hiyo msitumie Vietnam kipimo alichoandikiwa Brazil. Mpimeni upya kabla ya kila kipande. Dawa yenyewe nunueni kabla ya kuondoka, maana za bandia zipo njiani.

Hakuna dawa inayokinga kwa asilimia mia, na dengue haina dawa ya kumeza ya kuizuia. Mbu wake huuma mchana. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye kemikali ya DEET inaruhusiwa kuanzia miezi 2, isipakwe viganjani kwa mtoto anayenyonya vidole. Mkitumia na mafuta ya kuzuia jua, mafuta yatangulie.

Kuna moja hukuuliza, lakini njia yenu inanilazimu. Uwanja wa ndege wa La Paz uko El Alto, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huwaletea wageni ugonjwa wa mwinuko. Mtu mzima ataumwa kichwa na kusema. Mtoto wa mwaka mmoja atalia, atakataa kunyonya na hatalala, nanyi mtadhani ni meno. Msiruke moja kwa moja kutoka pwani ya Brazil. Pitieni miji ya Bolivia iliyo chini zaidi, Santa Cruz kisha Cochabamba, mkae siku kadhaa kabla ya kupanda. Akizidiwa, tiba ni kushuka, si kusubiri asubuhi.

Kwenye begi la mkononi wekeni kipimajoto, pakiti za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini mtu akiharisha), vidonge vya zinki, na dawa zote za kila siku katika makasha yake halisi pamoja na cheti cha daktari chenye jina la kitaalamu la dawa. Kama kuna anayetumia dawa za kuongeza umakini zenye amfetamini, Japani inazipiga marufuku hata ukiwa na cheti. Tubadilishe mapema.

Homa yoyote baada ya siku 7 tangu muingie eneo la malaria ni ya kupimwa damu siku hiyohiyo, hata kama dawa mlimeza bila kukosa. Na mkisharudi nyumbani, kwa mwaka mzima, mtoto akipata homa mwambieni daktari kwanza mlikotoka kabla hajaanza kuuliza kuhusu mafua.